Erysimum, Stanleya au Physaria? Kulitambua ua la manjano la familia ya haradali katika nyanda kavu za magharibi mwa Marekani

Kuanzia Aprili hadi Julai, nyanda za juu zilizo kavu za Colorado, Utah, Wyoming na Nevada hujaa maua ya manjano yenye petali nne zilizokaa msalaba. Anayeishi Denver au Salt Lake City na kupenda kupanda vilima siku za mapumziko atayakuta kando ya njia, kati ya vichaka vya Artemisia tridentata na mijunipa mifupi. Ni ndugu wa sukuma wiki, kabichi na haradali, kwa hiyo hata aliyehamia huko juzi huiona sura anayoijua. Kazi huanza anapotaka jina. Familia hii, Brassicaceae, hufanana mno kwa maua; kinachozitenganisha spishi zake kiko kwenye maganda ya mbegu, kwenye vinyweleo vya majani na kwenye kitako cha mmea, yaani sehemu zile zile ambazo wapiga picha wengi huziacha.

Tunalinganisha hapa mimea ya kudumu ya aina tatu ambayo ndiyo huwatatiza watu zaidi: Erysimum capitatum, Stanleya pinnata, na jenasi (kundi la spishi za karibu) Physaria. Miwili ya kwanza ni spishi. Wa tatu ni jenasi nzima yenye spishi zaidi ya mia moja, na tumeuacha hivyo kwa sababu bila ganda lililokomaa hakuna njia ya uhakika ya kushuka chini zaidi.

Kabla ya kulinganisha: je, ni familia hii kweli?

Hesabu. Sepali nne (vijani vinavyolifunika tumba), petali nne, stameni sita (vijiti vyenye chavua), na ovari (kifuko kitakachokuwa ganda) iliyokaa juu ya mahali petali zinapotokea. Petali nne peke yake hazitoshi, maana Oenothera nayo ina petali nne za manjano na huota kwenye ardhi hiyo hiyo. Oenothera ina stameni nane, ncha ya pistili yake (sehemu ya kike ya ua) imegawanyika mikono minne, na ovari iko chini ya ua, mwishoni mwa mrija mwembamba ambao ukiutazama haraka utaudhani ni kikonyo.

Mtego wa pili ni Peritoma lutea, jamaa wa mgagani. Huo una petali nne za manjano na stameni sita kamili, kwa hiyo hesabu ya ua haitakuokoa. Angalia jani: limegawanyika vidole kama jani la mgagani. Ukiona vidole, toka kwenye familia ya haradali. Isitoshe, huo ni mmea wa mwaka mmoja.

Je, ni wa kudumu?

Usiung'oe mmea ili kujua. Fukua udongo taratibu kwa kidole, sentimita mbili au tatu kuzunguka kitako, tazama, kisha urudishe udongo. Mmea wa kudumu huonyesha mabua makavu ya mwaka uliopita, visiki vya majani yaliyokufa, au kitako kinene kama mti chenye machipukizi kadhaa. Wa mwaka mmoja una bua moja na mzizi mwembamba, na hauna mabaki yoyote. Hatua hii huondoa magugu mawili yanayojaa kando za barabara, Sisymbrium altissimum na Descurainia sophia.

Kuna tahadhari moja. Erysimum capitatum iko mpakani: mingine huishi miaka miwili tu, mingine huendelea kidogo zaidi. Kitako chembamba kisikufanye uifute kwenye orodha.

Tahadhari ya pili ni Isatis tinctoria, mmea wa kigeni uliovamia sehemu kubwa ya Utah na majimbo jirani. Nao ni wa manjano na huweza kuishi zaidi ya miaka miwili. Maganda yake huutambulisha mara moja: ni bapa, yananing'inia, yakikomaa huwa meusi, na kila moja lina mbegu moja.

Vigezo tutakavyotumia

Ni vitano, kwa mpangilio wa uzito wake:

1. Ganda: ni refu, yaani urefu wake unazidi upana zaidi ya mara tatu, au ni fupi na limevimba? Linaanzia wapi juu ya kikonyo?
2. Vinyweleo: vipo? Vina umbo gani chini ya kioo cha kukuzia?
3. Kitako na majani ya chini.
4. Ua: urefu wa petali, na jinsi stameni zilivyokaa.
5. Mahali na msimu.

Ua tumeliweka la nne kwa makusudi. Ndilo linalovutia macho, lakini ndilo linalopotosha zaidi.

Vifaa ni vichache: kioo cha kukuzia cha mara 10, rula yenye milimita, pini, na simu yenye kamera. Ukisahau rula, weka sarafu ya Marekani ya senti 25 kando ya mmea unapopiga picha. Kipenyo chake ni milimita 24.

Erysimum capitatum

*Ganda.* Refu na jembamba, sentimita 4 hadi 12, upana wa milimita mbili hivi. Lina pembe nne: libiringishe kati ya vidole nawe utazisikia kingo. Huelekea juu, na huanzia papo hapo kwenye makovu ya petali, bila kikonyo cha ziada katikati.

*Vinyweleo.* Hapa ndipo Erysimum hujitambulisha hata isipokuwa na ua. Chini ya kioo, jani huonekana limechorwa vistari vifupi vyeupe vilivyolala, vingi vikielekea upande mmoja. Kila kistari ni unyweleo wenye ncha mbili ulioshikwa katikati. Ukiusukuma ncha moja kwa pini, ncha ya pili nayo husogea. Katikati ya hivyo utaona vingine vyenye miale mitatu au zaidi kidogo. Watu wengi hukata tamaa hapa kwa sababu hushika kioo mbali. Kilete kioo karibu kabisa na jicho, kisha ulete jani kwenye kioo mpaka lionekane vizuri. Mwanga uje kutoka ubavuni, kwani mwanga wa juu huvifuta vivuli ambavyo ndivyo vinavyoonyesha umbo.

*Kitako na majani.* Majani ya chini hutandaa kwa duara, membamba, kingo nzima au zenye meno machache. Bua hupanda kutoka katikati ya duara hilo, sentimita 15 hadi 100 kutegemea mahali. Duara mara nyingi huwa limekauka maganda yanapoiva.

*Ua.* Petali za milimita 15 hadi 25, kubwa kuliko za haradali nyingi za porini, na ua lililofunguka hukaribia upana wa ile sarafu. Harufu yake ni tamu. Stameni nne ndefu na mbili fupi, zote zikiwa zimejificha karibu na koo la ua. Rangi ni manjano, lakini usiitegemee: hufika chungwa, kahawia-nyekundu, na juu milimani hata zambarau.

*Mahali na msimu.* Huu una eneo pana sana, kutoka pwani ya Pasifiki hadi juu ya mstari wa miti, yaani milimani ambako miti haioti tena. Katika nyanda kavu huchanua zaidi Mei hadi Julai, na juu zaidi hadi Agosti.

*Panapokosewa.* Upande wa mashariki wa Colorado, kwenye tambarare, kuna Erysimum asperum. Maganda yake hutanuka kwenda pembeni kwa pembe pana, badala ya kupanda juu, na vinyweleo vyake vingi ni vya ncha mbili tu. Petali zikiwa chini ya sentimita moja, fikiria Erysimum inconspicuum. Picha ya ua peke yake, hata ikiwa safi namna gani, haitenganishi capitatum na asperum.

*Unamfaa nani.* Anayeanza kujifunza kutumia kioo cha kukuzia. Unapatikana kwa wingi, una ua kubwa, na vinyweleo vyake vikishaeleweka havisahauliki.

Stanleya pinnata

*Ganda.* Refu pia, sentimita 3 hadi 9, lakini tazama linapoanzia. Kutoka kwenye bua kuna kikonyo, kisha makovu ambapo sepali na petali zilidondoka, kisha *kikonyo kingine* chembamba cha sentimita moja hadi mbili na nusu, ndipo ganda lianze. Kikonyo hiki cha pili ndicho ushahidi mkuu. Maganda hayana vinyweleo na hutanuka au kupinda kuelekea chini, kwa hiyo kishada kilichokomaa huonekana kimetawanyika ovyo.

*Vinyweleo.* Mara nyingi hakuna. Majani na bua ni laini, yenye rangi ya kijani-buluu kwa sababu ya nta nyembamba inayoweza kufutwa kwa kidole. Vikiwapo ni vifupi na vya kawaida; vyenye umbo la nyota hutaviona kamwe.

*Kitako na majani.* Kitako ni kigumu kama mti, na kwenye mimea mizee hufanana na kichaka kidogo chenye mabua mengi yanayofika mita moja au moja na nusu. Majani ya chini yamekatika sana pande zote mbili za mshipa mkuu; ya juu ni mazima na membamba, nayo yana vikonyo. Ukiona majani ya bua yasiyo na kikonyo, yanayolikumbatia bua kwa masikio mawili, huenda umekuta Stanleya viridiflora.

*Ua.* Kishada ni kirefu na kimesongamana, kikichanua kutoka chini kwenda juu, na mara nyingi huwa na maganda chini, maua katikati na matumba juu kwa wakati mmoja. Kwa mtambuaji hiyo ni bahati kubwa, maana bua moja hukupa vigezo vyote. Sepali nazo ni za manjano na hupinda nyuma. Sehemu ya chini ya petali, kwa ndani, ina vinyweleo vingi. Stameni sita hutoka nje sana na zinakaribia kulingana urefu. Kanuni ya familia hii ya "nne ndefu, mbili fupi" haifanyi kazi hapa. Frederick Pursh, alipoupa mmea huu jina mwanzoni mwa karne ya 19, aliuweka katika jenasi Cleome, ile ile ya mgagani, na ukitazama hizo stameni ndefu na kikonyo cha pili utamwelewa kabisa.

*Mahali na msimu.* Mei hadi Julai, wakati mwingine baadaye. Hupenda udongo wenye seleniamu (elementi ambayo ikizidi ni sumu), hasa ule uliotokana na miamba ya tope la bahari ya kale kama Mancos Shale magharibi mwa Colorado na mashariki mwa Utah. Kuzunguka Moab huonekana hata ukiwa ndani ya gari.

Tunasisitiza jambo moja, na tunalisema kwa uzito wake: usiupike mmea huu. Tunajua wasomaji wetu wengi wamekulia kwenye nyumba zinazochuma mgagani na figiri, na jicho lililozoea mboga litauona huu kama chakula. Stanleya pinnata hukusanya seleniamu mwilini, na inaweza kufikia zaidi ya miligramu 1,000 kwa kila kilo ya majani makavu. Mifugo hudhurika kwa kula mimea ya namna hii. Wenyeji asilia wa Marekani walikuwa na njia zao za kuuchemsha na kumwaga maji mara kadhaa; hilo halimpi ruhusa mtu asiyejua udongo wa mahali pale.

*Panapokosewa.* Kwa mbali huchanganywa na Peritoma lutea, na jani humaliza ubishi. Kosa lingine ni kudhani kila ua la manjano lililo juu ya mwamba wa seleniamu ni Stanleya. Udongo hukupa dokezo tu. Thibitisha kwa kikonyo cha pili.

*Unamfaa nani.* Asiye na kioo cha kukuzia, na mwenye kutegemea programu ya simu ya kutambua mimea, kwa kuwa umbo zima la mmea hutosha kuliko kwa hii mingine.

Physaria

*Ganda.* Fupi na lililovimba, lenye hewa ndani. Makundi makubwa ni mawili. Katika la kwanza, kama Physaria acutifolia, ganda ni vibofu viwili vilivyoungana katikati, na upana wake unaweza kufika sentimita moja hadi mbili. Katika la pili ganda ni kidonge kimoja cha duara au yai, cha milimita 3 hadi 8 hivi, kama kwa Physaria ludoviciana. Kundi hili la pili zamani liliitwa Lesquerella. Mwaka 2002 Ihsan Al-Shehbaz na Steve O'Kane waliliunganisha karibu lote na Physaria, ndiyo maana vitabu vya kabla ya hapo vina majina mengine. Ukiwa na kitabu cha zamani, tafuta chini ya majina yote mawili.

Ili kufika kwenye spishi, andika mambo manne: umbo la ganda, likiwamo pengo la juu na la chini kati ya vibofu; urefu wa mkia unaobaki kwenye ncha; idadi ya mbegu kila upande; na mpindo wa kikonyo. Cha Physaria ludoviciana hupinda kuelekea chini, cha Physaria montana huwa na mpindo wa herufi S na kulisimamisha ganda.

*Vinyweleo.* Vyote ni nyota. Miale mingi, imesongamana hadi jani zima linaonekana la fedha. Hakuna kigezo chepesi kuliko hiki kwenye makala yote: jani la fedha, nyota chini ya kioo, maua ya manjano ya petali nne, basi jenasi umeipata kwa sehemu kubwa.

*Kitako na majani.* Mmea ni mfupi, kwa kawaida chini ya sentimita 20 au 30, umelala karibu na ardhi. Kitu kinachopuuzwa mno: katika spishi nyingi mabua ya maua hutokea *pembeni* mwa duara la majani, na katikati hubaki majani matupu. Kwa Erysimum bua hutoka katikati.

*Ua.* Dogo, petali za milimita 6 hadi 12. Kuhusu spishi, halisemi lolote.

*Mahali na msimu.* Huwahi, mara nyingi Aprili hadi Juni. Spishi nyingi zimefungwa kwenye aina moja ya mwamba na eneo dogo sana. Physaria bellii huota kwenye miteremko ya mwamba wa Niobrara chini ya milima ya Front Range, Colorado. Physaria congesta na Physaria obcordata zinapatikana kaunti ya Rio Blanco, Colorado, na tangu 1990 zimo kwenye orodha ya serikali kuu ya mimea iliyo hatarini. Mguu mmoja uliokanyaga vibaya huko ni hasara ya kweli, kwa hiyo kaa kwenye njia na utumie kamera.

*Panapokosewa.* Kosa kubwa ni kutoa jina la spishi Aprili, maua yakiwa ndiyo kwanza yanafunguka. Programu za simu hufanya kosa hilo pia, tena kwa kujiamini, kwa kukupa spishi iliyopigwa picha nyingi zaidi karibu nawe. Kosa la pili hutokea kwenye kukausha sampuli: ganda lililovimba likibanwa huwa bapa na umbo lake hupotea. Weka maganda matano au sita kwenye bahasha kando, bila kuyabana.

*Unamfaa nani.* Mwenye subira ya kurudi mahali pale pale wiki nne hadi sita baadaye.

Chagua kwa kufuata ulicho nacho

Una maua tu, hakuna ganda. Pima petali na utazame stameni. Stameni zilizotoka nje sana na sepali za manjano zilizopinda nyuma: Stanleya. Petali za milimita 15 au zaidi, stameni zimejificha: anza na Erysimum. Petali ndogo na majani ya fedha: Physaria, na uishie kwenye jenasi. Usisahau kutazama chini ya kishada. Ganda changa la milimita kumi huwa tayari limeonyesha kama lina kikonyo cha pili au limeanza kuvimba.

Una maganda tu, Agosti. Uko mahali pazuri kuliko unavyodhani. Vibofu ni Physaria. Pembe nne zinazopanda juu ni Erysimum. Kikonyo juu ya makovu ni Stanleya.

Una majani tu. Kioo ndicho kitakachoamua: nyota, vistari, au hakuna kitu. Jani tupu la kijani-buluu bila vinyweleo halitoshi kusema Stanleya, maana haradali nyingine nyingi ziko hivyo. Tafuta kitako kigumu na mabua ya mwaka jana.

Petali si za manjano bali ni nyeupe au za zambarau hafifu, maganda ni marefu na bapa, duara la majani liko chini. Huenda hakuna hata mmoja kati ya hii mitatu. Anza na Boechera, ukijua kwamba spishi zake huchanganyika kwa uzazi na huwasumbua hata mabingwa.

Uko mbali na unamwomba mtu akupigie picha. Mwombe tano: mmea mzima na rula kando, kitako baada ya kufagia udongo, jani la chini pande zote mbili, ua kutoka ubavuni, na ganda pamoja na kikonyo chake chote hadi kwenye bua. Ya ubavuni ndiyo wengi huiruka, na bila hiyo stameni na sepali hazionekani.

Unataka sampuli kwa ajili ya hebaria (mkusanyo wa mimea iliyokaushwa). Kwenye hifadhi za taifa za Marekani huchumi bila kibali. Kwingine, uliza kwanza mwenye ardhi au ofisi inayoisimamia, kisha fuata desturi ya wakusanyaji wengi: chukua mmoja pale tu unapohesabu ishirini. Andika papo hapo rangi ya petali kwa kuwa manjano hufifia, mwinuko kwa mita, aina ya mwamba, na kama kitako kilikuwa kigumu. Kwa Physaria usichume kabisa mpaka ujue si mojawapo ya zile adimu. Ofisi ya mimea ya jimbo itakujibu kwa picha.